Maswali ya Wasomaji: Tumbo Lisilongoja Kukuche

Barua za mwezi huu nyingi zimetoka Mombasa, na karibu zote ni za tumbo. Tumejibu saba. Ukizisoma pamoja utaona jambo moja: ugonjwa umeshapewa jina nyumbani kabla tumbo halijaguswa na mtu. Gesi. Chango. Vidonda. Mshipa. Huenda jina likawa sawa, lakini likishatamkwa watu huacha kutazama, na tumbo lataka kutazamwa saa hadi saa.

SWALI: Mimi ni dereva wa tuktuk. Tangu jana jioni tumbo laniuma. Lilianza hapa kitovuni, nikadhani ni viazi karai. Sasa limehamia chini upande wa kulia. Duka la dawa nilipewa dawa ya gesi na sindano ya maumivu, likatulia kidogo kisha likarudi. Chakula sikitaki. Nikipita kwenye matuta ndio balaa. Ni gesi kweli? — Dereva, Bamburi

JIBU: Ndugu dereva, wewe tulikupigia simu siku ileile barua ilipofika, hapa twawaandikia wenzako.

Gesi hutembea. Mara iko kushoto, mara juu, na ukitoa upepo au ukienda haja yapungua. Maumivu yaliyoanza kitovuni, kisha ndani ya siku moja yakashuka kulia na kutua hapo, ni ya kidole tumbo mpaka daktari aseme siyo. Yakifuatana na kukosa hamu ya chakula, kichefuchefu na homa ndogo, shaka yazidi. Angalia na mpangilio: kwa kawaida maumivu hutangulia, matapishi hufuata. Aliyeanza kwa kutapika na kuhara, tumbo likaja kuuma baadaye, mara nyingi ana tatizo la chakula au maji machafu.

Kuhama huko kuna sababu. Kidole tumbo kikiziba na kuanza kuvimba, mishipa yake ya fahamu hupeleka habari isiyo na anwani, na ubongo huona ni kitovu kinachouma. Uvimbe ukifika nje ukagusa utando unaofunika ukuta wa tumbo kwa ndani, ndipo mgonjwa aweza kuonyesha kwa kidole kimoja: hapa. Mara nyingi ni theluthi moja ya njia, ukipima kutoka ncha ya mfupa wa nyonga ya kulia kuelekea kitovuni.

Utando huo ndio unaolia ukipita matuta. Madaktari wa upasuaji Uingereza walichapisha utafiti juu ya jambo hili mwaka 2012: kati ya wagonjwa 34 waliopita kwenye matuta na wakathibitishwa kuwa na kidole tumbo, 33 walisema maumivu yalizidi. Wengi wasiokuwa nacho pia waliumia, kwa hiyo tuta peke yake halithibitishi kitu. Lakini mtu anayepita matuta ya Bamburi bila kushika tumbo, uwezekano wa kidole tumbo ni mdogo. Asiye na chombo ajipime hivi: akohoe, kisha asimame kwa ncha za vidole vya miguu na kuachia visigino vigonge sakafu. Pakichoma palepale kulia, asiendelee kujipima. Mtoto mwambie aruke juu. Akikataa kabisa, au akiruka mara moja akainama, umepata jibu.

Kuna kituo kimoja cha hatari ambacho huwapoteza watu: nafuu ya ghafla. Kidole tumbo kikipasuka, shinikizo la ndani hushuka na mgonjwa husema, alhamdulillahi, limeachia. Saa chache baadaye tumbo zima lawa gumu, homa yapanda, moyo wadunda mbio. Usaha umeshamwagika. Upasuaji ambao ungekuwa wa kidonda kidogo na kulala siku moja au mbili hugeuka kuwa wa kuosha tumbo zima, na wakati mwingine wiki kadhaa wodini.

Sindano ya maumivu si kosa yenyewe. Hospitalini wagonjwa hupewa dawa kali ya maumivu kabla uchunguzi haujakamilika, na haimzuii daktari kuujua ugonjwa. Kosa ni kuchomwa sindano ukarudishwa nyumbani bila mtu kuweka mkono juu ya tumbo lako. Mtu mzima akiwa njiani kwenda hospitali aweza kumeza gramu 1 ya parasetamoli, yaani vidonge 2 vya miligramu 500, kwa funda la maji. Chakula asile. Huenda akahitaji dawa ya usingizi, na tumbo lililojaa laweza kurudisha chakula kikaingia mapafuni. Ndiyo maana madaktari hutaka saa 6 tangu chakula cha mwisho. Dawa ya kuharisha hapana, bomba la maji ya sabuni hapana, kukandwa tumbo hapana: vyote hivi huongeza msukumo kwenye kitu kilichokaribia kupasuka.

Tena moja. Ultrasaundi ikisema «kidole tumbo hakikuonekana», haikusema hakina ugonjwa. Mara nyingi hufichwa na hewa ya utumbo. Ukirudishwa nyumbani na jibu hilo, uliza saa ngapi urudi kuguswa tumbo tena.

SWALI: Shikamoo. Nina miaka 24. Siku zangu zimechelewa wiki mbili, kisha nikaona damu kidogo nyeusinyeusi. Tumbo lauma chini upande wa kushoto. Mama asema ni chango na amenichemshia mwarubaini. Leo nilipoinuka kitandani nikaona kiza, na bega lauma, labda nimelilalia. — Dada, Mikindani

JIBU: Marahaba, mwanetu. Wewe pia tulikutafuta kwa simu.

Chango, kwa watu wa pwani, ni kapu kubwa. Mna maumivu ya hedhi, maumivu ya mji wa uzazi, hata tumbo la mtoto mchanga. Mimba iliyotunga nje ya mji wa uzazi pia hutupwa kapuni humo, na hii huua kwa saa.

Yai lililorutubishwa likinasa kwenye mrija, hukua mahali pasipo nafasi. Kati ya wiki ya 5 na ya 9 tangu hedhi ya mwisho, mrija hushindwa na kuchanika. Damu humwagikia ndani ya tumbo, nje yaonekana matone tu; ndiyo maana mtu aweza kuwa yuafa huku pedi i kavu. Bega lako hukulilalia. Damu ikipanda hadi chini ya kiwambo cha pumzi, yaani msuli unaotenga kifua na tumbo, mshipa wa fahamu wa kiwambo hicho hutokea shingoni pamoja na ule wa bega, na ubongo huchanganya mahali. Hedhi iliyochelewa, tumbo la upande mmoja, bega, kiza machoni: katika barua zote za mwezi huu, hii ndiyo iliyotutia hofu zaidi.

Kwa kila mwanamke aliye katika umri wa kuzaa anayeumwa tumbo la chini, kipimo cha mimba cha mkojo ni cha lazima, hata akisema haiwezekani. Aliyewekewa kitanzi aweza kushika mimba mara chache, na akishika, uwezekano wa kuwa nje ya mji wa uzazi ni mkubwa kuliko kawaida. Aliyefungwa mirija hali kadhalika. Aliyewahi kuugua maambukizi ya nyonga, au aliyewahi kupata mimba ya namna hii, awe macho zaidi. Msichana asiyeolewa ana haki ya kuongea na mhudumu faragha, bila mama wala shangazi chumbani. Mama, tafadhali toka nje kidogo, hukudharauliwa.

Kipimo kikionyesha mimba na maumivu yapo, hakuna kungoja miadi ya kliniki. Ikigunduliwa mapema kabla ya kuchanika, wengine hutibiwa kwa dawa bila kupasuliwa. Ikiwa kuna kiza au kuzimia, mlaze chali, inua miguu, usimpakie boda boda. Jamaa wawili watatu waandamane naye wakiwa tayari kutoa damu, na kama kundi lake ni hasi, mwambie daktari, kwani kuna sindano atakayohitaji.

Na aliyepita wiki 20 za ujauzito: maumivu chini ya mbavu za kulia pamoja na kichwa kuuma sana au kuona vimulimuli ni presha ya mimba. Tumbo lililokuwa gumu wala haliachii, hata bila damu, huenda kondo limebanduka. Yote mawili ni ya hospitali sasa hivi.

SWALI: Asalaam alaikum. Mzee wangu yuna miaka 72 na mshipa wa kinenani tangu zamani. Akisimama washuka, akilala warudi. Yuwasema amezoea. Mie naogopa, lakini kila nikitaja hospitali ni ugomvi. Ni lini nisimsikize? — Bi Mkubwa, Mji wa Kale

JIBU: Waalaikum salaam, Bi. Kwanza tutenganishe vitu viwili, maana pwani neno «mshipa» labeba vyote. Busha ni maji kwenye pumbu: halirudi ukilala, halina haraka. Ngiri ni utumbo unaopita kwenye tundu la ukuta wa tumbo. Hiyo ya mzee ni ngiri, na maadamu yarudi, yaweza kupangiwa upasuaji siku ya utulivu.

Msikilize mpaka siku utakapoona haya: uvimbe hauingii hata akilala, umekuwa mgumu, wauma ukiguswa, ngozi yake yabadilika kuwa nyekundu au ya zambarau. Utumbo umebanwa kwenye tundu hilo na damu haipiti. Zikipita kama saa 6, sehemu hiyo yaanza kufa. Usiusukume kwa nguvu wala usimruhusu mtu aukande. Waweza kurudisha ndani utumbo uliokwisha kuoza, nje paonekane pazuri na ndani ndiko kwenye maafa.

Utumbo ukiziba, kwa ngiri au kwa sababu nyingine, dalili ni nne: tumbo lanyonga kwa vipindi, lajaa kama ngoma, matapishi yawa ya kijani na mwisho yanuka kinyesi, na upepo hautoki. Hili la upepo watu huona haya kulitaja. Muulize wazi: «Umetoa upepo leo?» Aliyewahi kupasuliwa tumbo, hata miaka 20 nyuma, aweza kuzibwa na makovu ya ndani bila ngiri yoyote.

Kuna la ziada kwa wazee, Bi. Miili yao hailalamiki kwa sauti. Kidonda kimetoboka, mzee asema tumbo «limekaa vibaya». Kwa hiyo aliyepita miaka 65 na tumbo jipya lisilotulia kwa saa chache, apelekwe hata kama hapigi kelele. Na maumivu ya chembe cha moyo yenye jasho la baridi, pumzi fupi au uzito wa mkono na taya, hasa kwa mwenye sukari, yaweza kuwa moyo wenyewe. Aombewe kipimo cha umeme wa moyo kabla ya dawa ya kiungulia.

SWALI: Nina vidonda vya tumbo miaka minane. Mgongo ukiniuma nachomwa diklofenaki, kwa sababu vidonge vyaniumiza tumbo. Nitajuaje kidonda kikipasuka? Na mke wangu kila akila futari ya mafuta huumwa chini ya mbavu za kulia. — Baba, Majengo

JIBU: Sindano haikuepushi. Diklofenaki huzuia kemikali zinazolinda utando wa tumbo, na hufika kwenye utando huo kwa njia ya damu, iwe umemeza au umechomwa tako. Ibuprofeni na aspirini ni ndugu zake. Kwa mgongo tumia parasetamoli, na uombe kipimo cha bakteria wa vidonda. Miaka minane ya kunywa dawa ya kupunguza asidi bila kuua bakteria ni kufyeka majani na kuacha mizizi.

Kidonda kikitoboka, mgonjwa aweza kukutajia hata dakika. Ni kama kisu kwenye chembe cha moyo, kisha moto waenea tumbo zima. Hulala kimya, magoti juu, apumua juujuu, hataki hata kitanda kitikiswe. Tumbo ni ubao. Mlinganishe na mwenye jiwe la figo: huyu hatulii, ainuka, akaa, ajibiringisha, maumivu yatoka ubavuni hadi kinenani. Anayejiviringa ana nafasi kidogo, ila akiwa na homa au kutetemeka, au mkojo umekatika, naye ni wa dharura. Asiyetaka kutikiswa hana nafasi hata kidogo. Na mwanamume aliyepita miaka 60, mvuta sigara au mwenye presha, akipata «jiwe la figo» kwa mara ya kwanza maishani, mshipa mkuu wa damu upigwe ultrasaundi kwanza. Ukipasuka huiga jiwe vizuri sana.

Kidonda chaweza pia kuvuja damu bila maumivu makubwa. Choo cheusi kama lami, chenye kunata na uvundo, au matapishi kama machicha ya kahawa, ni safari ya hospitali usiku huohuo. Vidonge vya madini ya chuma navyo hufanya choo cheusi, lakini hakinati.

Mkeo huenda ana mawe kwenye nyongo. Yakija baada ya mafuta na kuisha ndani ya saa chache, apangiwe ultrasaundi wiki hii. Yakipita saa 6, au ikija homa ya kutetemeka, au macho yakawa manjano, asingoje. Maumivu ya juu yanayopenya hadi mgongoni na kupungua akiinama mbele ni ya kongosho. Nayo yataka kulazwa.

SWALI: Niko Likoni, nina watoto watatu. Tumbo la mtoto likianza usiku, nitajuaje la kuvuka nalo feri na la kungoja? — Mama, Likoni

JIBU: Mama, kwa mtoto mchanga tazama rangi ya matapishi. Maziwa yaliyoganda si hoja. Kijani cha majani ni hoja kubwa: utumbo umeziba au umejisokota. Kwa wa kati ya miezi 3 na miaka 3, kuna utumbo kujimeza wenyewe, kama mkono wa kanzu uliojikunja ndani. Mtoto apiga ukelele, akunja miguu tumboni, dakika chache atulia na kulegea kama aliyechoka, kisha yarudi. Kinyesi chenye damu na makamasi huja mwishoni, usikingoje.

Mwana wa kiume wa miaka 12 hadi 18 akisema tumbo la chini, muulize na pumbu. Wengi huona haya wakasema tumbo. Korodani ikijinyonga, uwezekano wa kuiokoa ni mkubwa ndani ya saa 6, baada ya hapo wapungua haraka. Baba au mjomba atazame: moja imepanda juu, imevimba, haigusiki.

Mwenye selimundu akiumwa tumbo, gusa chini ya mbavu za kushoto. Bandama likivimba ghafla na mtoto akapauka na kulegea, damu yake imejificha humo. Na mtoto anayekunywa maji kupita kiasi, akojoa sana, atapika, tumbo lauma, apumua kwa kina: apimwe sukari kwenye kidole.

La kungoja ni lile la kuhara na kutapika ambalo mtoto bado acheza, akojoa na analia machozi. Mpe dawa ya chumvichumvi ya pakiti. Ikikosekana, lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi, kijiko kwa kijiko. Chumvi ikizidi ni sumu, onja: isizidi machozi. Akilegea, macho yakibonyea, choo kikiwa kama maji ya mchele, ondokeni.

Juu ya feri: usianze kwa kuvuka. Anza hospitali ya Likoni iliyo upande wako, aguswe, awekewe dripu, nao wapige simu Hospitali Kuu ya Pwani, ambayo wengi bado waiita Makadara, mkitakiwa kuvuka. Ambulensi hupishwa kwenye feri. Gari lenu halitapishwa mpaka mseme langoni kuwa mna mgonjwa. Nambari ya Msalaba Mwekundu ni 1199. Za serikali ni 999 na 112.

SWALI: Kila nikipima naambiwa nina taifodi. Tumbo likiuma ndiyo hiyo? — Mwalimu, Tudor

JIBU: Pengine hukuwahi kuwa nayo. Kipimo cha Widal cha mara moja hudanganya sana. Kinachoaminika ni damu kuoteshwa maabara. Taifodi ya kweli huanza na homa inayopanda siku baada ya siku. Hatari yake kwa tumbo huja kuanzia wiki ya pili au ya tatu, utumbo ukitoboka: mgonjwa aliyekuwa na homa tu aanza kuumwa ghafla, tumbo lakaza. Hilo ni la upasuaji, si la vidonge zaidi.

SWALI: Hospitali moja ilitutaka amana kabla ya kumwangalia mgonjwa. Tufanyeje? — Kijana, Changamwe

JIBU: Katiba ya Kenya, Kifungu cha 43(2), yasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya ya 2017 yaeleza kuwa hayo ni pamoja na kuimarisha hali ya mgonjwa na kumpangia rufaa pale uwezo unapokosekana. Itaje kwa upole, muombe msimamizi wa zamu. Beba kitambulisho, kwani tangu Oktoba 2024 ni SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali, iliyochukua nafasi ya NHIF, na beba dawa zote anazotumia, hata za mitishamba, ndani ya mfuko mmoja.

Kwenye dirisha usiseme «tumbo lamuuma», kwa kuwa nusu ya foleni yasema hivyo. Sema: «Yalianza saa mbili usiku, kitovuni, sasa yako chini kulia. Ametapika mara tatu. Hajatoa upepo tangu asubuhi. Mara ya mwisho amekula saa saba mchana. Ana sukari, na amemeza parasetamoli mbili saa kumi na moja.»